Muulizeni mgonjwa, mwandike: mitishamba isiachwe nje ya mlango wa zahanati

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tuliotumikia zahanati za vijijini tunalijua vizuri lakini tumelinyamazia kwa miaka mingi, nami nikiwa miongoni mwa walionyamaza. Wagonjwa wetu hutumia dawa za hospitali na za mitishamba kwa wakati mmoja, katika nyumba moja, mara nyingine katika saa moja. Kila mtu analijua hilo, ila huku zahanati hatuwaulizi, nao hawatuambii, na hata pale neno linapoponyoka mgonjwa akalisema, hakuna anayeliandika popote.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31, mingi yayo katika zahanati za uwanda wa Kano hapa Kisumu, Kenya, kati ya Ahero na Ziwa Victoria, mahali ambapo mto Nyando ukifurika maji huingia hadi jikoni na mbu hawana likizo. Asubuhi moja ya Jumatatu aliingia nyanya mmoja akiwa amembeba mjukuu wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa anachemka, kipimajoto kilisoma 39.4, na kile kipimo cha haraka cha malaria kikatoa mistari miwili kabla sijamaliza kuandika jina lake. Nikamwuliza nyanya kama nilivyofundishwa chuoni, "Nyanya, nyumbani mtoto amepewa dawa gani?" Akanijibu bila kusita, "Sijampa dawa yoyote, sista."

Leso aliyomfunika mtoto ilikuwa inanuka mwarobaini, na pembeni mwa midomo ya mtoto kulikuwa na ukoko wa kijani uliokauka. Nikauliza tena, safari hii kwa maneno ya nyumbani, kwa Dholuo, nikitaja dawa ya kienyeji: "Na yath nyaluo?" Akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitoto. "Ah, hiyo siyo dawa, sista. Hayo ni majani tu." Kisha akanieleza yote, tena kwa mpango mzuri kuliko faili zetu nyingi: tangu Ijumaa alikuwa anamfukiza mtoto kwa majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, anamwogesha kwa maji yale yale yakishapoa, na asubuhi na jioni anamnywesha kijiko kikubwa cha olusia, ule mmea mchungu ambao kila boma la huku linao karibu na ua.

Nimelifikiria jibu la nyanya yule mara nyingi tangu nistaafu. Hakunidanganya hata kidogo. Akiwa ndani ya zahanati, mbele ya mtu aliyevaa sare, neno dawa kwake lilikuwa na maana ya tembe, sindano na maji ya chupa. Nje ya lango, dawa ni mzizi. Kiswahili chenyewe hakikujua mpaka huo. Neno moja la dawa lilitosha kwa yote mawili, na mganga alikuwa yeyote anayeganga. Majirani zetu Watanzania hadi leo humwita daktari mkuu wa wilaya Mganga Mkuu bila mtu kutabasamu. Chanjo, ambayo leo tunawahimiza akina mama wasiikose, ni neno lililotoka kwenye kuchanja, wembe wa mganga ukipita juu ya ngozi ili dawa iingie. Huku kwetu neno mganga tumeliachia mabango ya kwenye nguzo za umeme, yale ya mganga kutoka mbali anayerudisha mpenzi na kupandisha mtu cheo. Nadhani ile sheria ya kikoloni ya mwaka 1925 dhidi ya uchawi nayo ilichangia, kwa kuwa machoni pa watu wengi ilimtia mchimba mizizi na mlozi katika kapu moja. Mtu aliyezoea kwamba jambo fulani ni la aibu mbele ya serikali hatalitaja mbele ya muuguzi wa serikali.

Nirudi kwa mtoto. Nilimpa dozi ya kwanza ya AL, zile tembe za malaria, pale pale, na kabla ya dakika kumi akaitapika. Kanuni ni kwamba mtoto akitapika ndani ya nusu saa dozi hurudiwa, nami nikairudia. Lakini kama nisingejua habari ya olusia, ningedhani tumbo lake haliwezi kabisa kuishika dawa ya mdomo, na pengine ningemsafirisha kwenda hospitali ya rufaa kwa boda kwenye barabara iliyojaa matope. Nikamweleza nyanya kwamba dozi ni sita kwa siku tatu, kila moja inywewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, na kwamba katika siku hizo tatu ule uchungu upumzishwe, kwa sababu mtoto anayetapika dozi hana dozi. Alikubali mara moja. Alikubali, naamini, kwa kuwa sikumkaripia.

Naandika hivyo kwa uchungu, maana mwingine kabla yake nilimkaripia. Mama kijana, kosa lile lile, na mimi nikasimama mbele ya foleni nzima nikamwambia kwamba anataka kumwua mtoto kwa majani. Hakuja tena. Baadaye mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao aliniambia kwamba mama yule aliendelea na sufuria yake kama kawaida, ila sasa aliificha hata yeye mhudumu alipopita. Hayo ndiyo matunda ya ukali wangu.

Kuna wanaosema, na wengi wao ni wenzangu wa taaluma, kwamba dawa za kienyeji ni mambo ya zamani na hazina haja ya kuzungumziwa katika afya ya leo. Hao ningependa wakumbuke ile tembe ya AL waliyoishika mkononi. Mojawapo ya dawa mbili zilizomo imetokana na artemisini, iliyopatikana katika mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa kwa karne nyingi. Mwanasayansi Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alikuwa ameshindwa na mmea huo mara kadhaa hadi aliposoma katika maandishi ya kale ya karne ya 4 kwamba majani yalowekwe majini na kukamuliwa. Akang'amua kwamba moto ndio uliokuwa unaiharibu dawa, akaanza kuikamua kwa joto la chini. Kwinini nayo ilitoka kwenye gome la mti wa milima ya Amerika Kusini. Hapa hapa kwetu magharibi, gome la Prunus africana, mti unaoota katika msitu wa Kakamega, ni la aina ile inayosafirishwa Ulaya kutengenezewa dawa ya tezi dume, hata ikabidi biashara yake iwekewe masharti ya kimataifa mwaka 1995 kwa sababu miti ilikuwa inachunwa hadi inakauka. Mzee wa Ufaransa hulimeza likiwa kidonge chenye muhuri, akamweleza daktari wake. Mzee wetu hulichemsha, akanyamaza.

Lakini habari hiyo hiyo ya artemisini inawageukia wa upande wa pili, na hao nao ni wengi. Siku hizi watu wamepanda artemisia nyuma ya nyumba na wanakunywa chai yake wakidhani wamepata AL ya bure. Shirika la Afya Duniani limeonya waziwazi dhidi ya kutibu malaria kwa chai ya mmea huo, na sababu yenyewe si ngumu kueleweka: kiasi cha dawa kilichomo kwenye kikombe hakijulikani, aghalabu ni kidogo, na kimelea kinachoguswa na dawa haba bila kuuawa hupata nafasi ya kuizoea. Dalili za usugu huo zimekwisha kuonekana Rwanda na hapo Uganda, jirani ambaye malori yake hupita Kisumu usiku na mchana. Tukiipoteza AL huku kwenye ukanda wa ziwa, sijui tutamkimbilia nani.

Kwa hiyo sitetei kwamba zahanati zianze kuuza mwarobaini, wala sisemi vitu hivi viwili vichanganywe katika kikombe kimoja. Nataka tu kila upande ujue mwenzake amempa mgonjwa nini, kwa kuwa mwili ni mmoja. Ini halina mlango wa dawa za serikali na mlango mwingine wa dawa za mzizi. Chochote kinachomezwa hupita hapo hapo, na mimea mingine huliharakisha ini katika kazi yake ya kuondoa dawa mwilini. Mfano unaojulikana sana ni wa mmea mmoja wa Ulaya unaotumiwa na watu wenye huzuni, ambao hupunguza kiwango cha baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi katika damu hadi zishindwe kufanya kazi. Sisi wa Nyanza, ambao katika miaka ya mwanzo ya ukimwi tuliwaona wagonjwa wakiambiwa wana chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na kunyweshwa manyasi, dawa ya mitishamba ya kuiondoa, hadi siku zao zikaisha, ndio tungekuwa wa kwanza kuuliza swali hili. Lakini nimefanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa dawa hizo. Tulihesabu tembe zilizobaki katika mkebe moja baada ya nyingine, na sikumbuki siku tuliyohesabu vikombe.

Mwaka jana niliitwa kwa jirani yangu, mzee wa miaka 68 anayeugua kisukari na anayetumia glibenklamaidi, tembe ya kushusha sukari. Alikuwa amekaa kwenye kiti, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki, na wanawe walikuwa wanajadiliana kama ni malaria ya kichwa au ni mkono wa mtu. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu alifika na mkoba wake, akamchoma kidole: 2.4. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Tulimpa maji ya sukari kwa kijiko, polepole, na baada ya robo saa akauliza kwa nini nyumba imejaa watu. Chini ya meza kulikuwa na jagi la maji ya kijani. Ilikuwa karela, ile mboga chungu ya Kihindi ambayo Kisumu huwezi kuikosa sokoni, ameikamua mbichi kwa ushauri wa rafiki yake, na ni kweli kwamba karela hushusha sukari kiasi. Tembe inashusha, karela inashusha, na siku hiyo mzee alikuwa ameshinda matangani bila kula. Nilipomwuliza kama aliwahi kumweleza daktari wa kliniki yake, alinishangaa: "Nimweleze nini? Hiyo ni mboga."

Unaona, Mhariri, ni jibu lile lile la nyanya. Hayo ni majani tu. Hiyo ni mboga. Ndiyo maana nasisitiza kwamba swali la zahanati likiulizwa kwa neno dawa peke yake halitaleta jibu. Mhudumu aulize kwa maneno ya mahali: umechemsha nini, umejifukiza, umepakwa, umechanjwa, umekunywa kitu chochote kichungu, kuna mtu aliyekuletea kitu kwenye chupa? Hilo la chupa liulizwe kwa makini zaidi, maana katika vituo vya matatu, Kondele na kwingineko, huuzwa vinywaji na unga usio na jina wala tarehe ambao muuzaji mwenyewe hajui ulikotoka, na katika nchi mbalimbali bidhaa za namna hiyo zilipopimwa zimewahi kukutwa zimetiwa dawa za viwandani za maumivu au za steroidi ili mnunuzi aone nafuu ya haraka. Mgonjwa husema mizizi imemponya magoti, kumbe anameza diklofenaki bila kujua, na figo zinaumia kimyakimya. Simweki muuzaji huyo katika fungu moja na mtaalamu wa mitishamba wa kijijini, na ningewaomba wasomaji nao wasimweke.

Huyo wa kijijini ana habari yake, na ndiyo iliyonisukuma kuandika barua hii. Katika zahanati mojawapo niliyofanyia kazi aliletwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amechoka sana, na mfukoni mwake mlikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule na kukunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi, Kiswahili na Dholuo vikichanganyika, na mwandishi alikuwa mama mmoja anayetibu kwa mitishamba upande wa milima ya Nyakach, ambaye sisi humwita jathieth. Maneno yake yalikuwa machache: huyu nimempa mzizi wa tumbo siku tatu, sasa macho yamekuwa manjano, mimi siwezi, mumwangalie. Tabibu aliyekuwa zamu siku hiyo aliisoma kwa nusu dakika, akasema hatuna muda wa mambo ya waganga, akaikunja na kuitupa kwenye ndoo. Kijana alihamishiwa hospitali kubwa mchana huo bila karatasi ile. Daktari aliyempokea kule alikuwa na mgonjwa wa ini mbele yake, na habari muhimu kuliko zote, kwamba ini hilo lilikuwa limepitishiwa mzizi kwa siku tatu, ilikuwa imebaki kwenye ndoo ya taka pamoja na glavu zilizotumika.

Niliiokota jioni tulipokuwa tunafunga. Ninayo hadi leo ndani ya Biblia yangu. Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mama yule soko la Ahero akiuza mboga, nikamwuliza kama bado anawaandikia wagonjwa anaowaleta. Akasema hapana; aliandika mara moja, hakuna aliyemjibu, na yule kijana aliporudi nyumbani alimwambia karatasi ilitupwa. "Sasa nikishindwa ninawaambia tu waende, na wasiseme wametoka kwangu."

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya jadi, na inataka kuwe na sera ya kuiongoza na utaratibu wa rufaa kutoka kwa watoa tiba ya jadi kwenda katika vituo vya afya. Hata Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, lile la kimataifa kuhusu afya ya msingi, ambalo sisi tuliolisomea tulilikariri kama sala, linawataja waganga wa jadi miongoni mwa wale watakaotegemewa kufikisha huduma kwa jamii. Mama yule hajapata kusikia habari ya azimio wala ya sheria. Aliyafanya yote mawili kwa kalamu ya risasi, na sisi tulioajiriwa kuyatekeleza tukayatia ndooni. Nadhani kosa kubwa katika utaratibu wetu ni kudhani kwamba rufaa ni safari ya kwenda tu. Mtu akikuletea mgonjwa na barua, mjibu. Mistari miwili inatosha: tumempokea, tumepata shida ya ini, tafadhali mzizi huo usimpe mwingine mwenye dalili kama hizi hadi tuzungumze. Jathieth aliyepata jibu kama hilo mara moja ataleta mgonjwa wa pili siku ya kwanza badala ya siku ya tatu.

Kwa wakunga wa jadi tumekwisha kuona kwamba inawezekana. Zamani tulipambana nao, nao walificha wajawazito na zile dawa za kuchochea uchungu ambazo zinaweza kulibana tumbo la uzazi hadi lipasuke. Sasa katika vijiji vingi vya magharibi mkunga humsindikiza mama hadi wodini, humshika mkono, na muuguzi humwuliza mbele ya mama mwenyewe kama kuna kitu kimenywewa njiani. Sikutegemea kuliona hilo nikiwa hai.

Wenzangu kadhaa niliowaeleza wazo hili wamenipinga kwa hoja moja: kwamba tukiandika mitishamba katika daftari la mgonjwa tutakuwa tumeihalalisha. Sioni. Tumekuwa tukiandika pombe na sigara kwa miaka yote, hata chang'aa tunaiandika na vipimo vyake, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba wizara inaipendekeza. Kuandika ni kujua. Wataalamu wa mitishamba nao wana hofu yao, tena yenye msingi zaidi: kwamba wakitaja mti, kesho utakuwa umepelekwa maabara na keshokutwa kuna mtu anautajirikia. Ipo Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na ni wajibu wa serikali ya kaunti kuifafanua barazani kwa lugha inayosikika. Hata hivyo, kwa usalama wa mgonjwa siri yote haihitajiki. Ni jani au mzizi au gome, limechemshwa au limesagwa, kiasi gani kwa siku, tangu lini; mtaalamu akiyataja hayo na akabaki na jina la mti wake, tayari ametusaidia. Pale ambapo wamekubali kukaa na watafiti kwa masharti yanayoeleweka mambo yamekwenda vizuri, na wakazi wa kandokando ya msitu wa Kakamega ni mashahidi: kule kikundi cha wakulima kimelima mmea wa kienyeji wenye harufu ya kafuri, kikauchemsha mafuta yake kwa msaada wa watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, na marhamu ya mafua na maumivu iitwayo Naturub imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Chupa yake ina jina, ina kipimo, na muuguzi anaweza kuiandika bila kuona haya.

Ninachoomba basi hakihitaji jengo wala mfadhili. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa mkoba wenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na kipimajoto, pamoja na simu ya kunakilia, na kila mmoja ana kaya zipatazo 100 anazozitembelea. Hawa huingia hadi jikoni. Huiona sufuria na majani yaliyoanikwa juu ya bati. Wafundishwe kuuliza kwa upole, kwa maneno ya nyumbani, na simu zao zipewe mahali pa kuliandika jibu. Na huku zahanati, ambako wagonjwa wetu wengi bado huja na lile daftari la shule walilonunua dukani kwa ajili ya kuandikiwa matibabu, kila muuguzi na tabibu aongeze mstari mmoja chini ya dawa anazoandika yeye: za nyumbani. Vyuo vinavyofundisha wauguzi vimtume mwanafunzi hata siku mbili kukaa na jathieth wa kijiji kilicho karibu, si kwa ajili ya kujifunza kuchimba mizizi, bali ajue wagonjwa wake huanzia wapi kabla hawajafika kwake.

Wapo watakaosema muda hautoshi, kwamba muuguzi mmoja anawaona watu themanini kwa siku na sasa anaongezewa swali. Nilikuwa muuguzi huyo. Swali lenyewe huchukua muda mfupi kuliko kumtafutia mgonjwa faili iliyopotea, na mgonjwa aliyeitikia tiba mara ya kwanza harudi kwenye foleni ya Alhamisi.

Mwezi uliopita nilimsindikiza jirani yangu yule wa kisukari kliniki, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Alikuwapo muuguzi kijana sana, umri wa mjukuu wangu. Alimpima presha, akahesabu tembe, akaulizia miguu, halafu bila kuinua macho akauliza, "Na za nyumbani, guka?" Sijui ni nani aliyemfundisha. Mzee alinitazama mimi kwanza, kama mtoto anayesubiri ruhusa, kisha akaanza kueleza habari ya karela, na ya mizizi mingine miwili ambayo hata mimi jirani yake sikuwa nikiijua. Binti yule akaandika yote pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo, kwa sababu mahali pake hapakuwapo.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Ahero, Kaunti ya Kisumu